Mwanzi wa Meja na Debe la Wambui

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nioshe mikono kwa mchanga. Si kwa sabuni. Nyapara wa maji, mtu wa kutoka ziwani aliyeitwa Okello, alinishika kiganja akakinusa kama mama anayenunua nyama, kisha akanirudisha ukingoni nisugue tena.

"Samaki wa wazungu ana pua kuliko mbwa," akasema. "Ukimshikia mzungu vitu vyake na mkono wa sabuni, atakaa mpaka jua lizame bila kuguswa na samaki. Na hatalaumu sabuni. Atakulaumu wewe."

Mimi sikusoma. Nilifika darasa la pili, baba akatutoka, nikaingia kuchuma kahawa. Nyumba hii ya mawe hapa Gatongora, shamba la nyuma, na watoto walioenda shule mpaka wakachoka, vyote vimetoka mtoni. Nasema bila haya. Nyinyi vijana mkiniuliza nilifanya kazi gani nikawajibu nilikuwa mbeba neti, mnacheka mkidhani ni neti ya mbu. Basi nisikilizeni.

Nilianzia upande wa Ruiru, kwenye bwawa la Bwana Meneja wa shamba la kahawa. Huko kazi ilikuwa kupiga kasia taratibu na kufunga mdomo. Bwana Meneja alivua akiwa amekaa kwenye mashua, na alichukia mtu anayekohoa. Mimi nilijifunza kumeza kikohozi. Baada ya misimu kadhaa akaniambia kwa Kiswahili chao kile cha shambani, "Wewe nanyamaza mzuri. Mimi tapeleka wewe Thika." Hiyo ndiyo ilikuwa shahada yangu. Okello alikuwa ametangulia huko, na nilipofika akaninusa mikono tena mbele ya watu.

Thika palikuwa na klabu ya wavuvi wazungu, juu ya mji, mahali mto bado una baridi ya milimani. Samaki wa pale ni trauti, mwenye madoadoa ubavuni, na walimleta wao wenyewe. Uvuvi wenyewe hauna minyoo. Wanatumia inzi, lakini si inzi wa chooni. Ni ndoano ndogo kama punje ya mtama iliyofungwa manyoya ya jogoo na uzi, mpaka samaki amdhanie mdudu aliyeanguka majini. Uzi mkubwa ulikuwa wa hariri, na kila jioni ilibidi niutoe wote, niutandaze ukauke, kisha niupake mafuta ili kesho uelee. Ukiulaza na unyevu, unaoza. Uzi huo hukaa kwenye rili, kigurudumu cha chuma kilichofungwa chini ya mwanzi wa kuvulia. Samaki akikimbia na uzi, rili inalia krrr, na mzungu aliyekuwa anasinzia anakuwa kijana tena.

Na mwanzi. Msifikirie ule wa kushikilia maharagwe. Huu ulikuwa umepasuliwa vijiti vyembamba sita, vikabandikwa tena kwa gundi vikawa kitu kimoja, kikapakwa vanishi. Unapinda kama ukindu na kunyooka. Ukiuvuta vibaya, ncha inavunjika, na hakuna fundi wa Thika wala Nairobi wa kuurudisha.

Sheria kubwa ya kazi yetu ilikuwa moja. Mbeba neti habebi mwanzi ambao uzi wake uko majini. Unaweza kuupakua kwenye gari, kuuunga, kuupangusa. Lakini inzi akishagusa maji, huo ni mkono wa mzungu peke yake. Waliogopa tungezoea.

Nyumbani nako nilikuwa na sheria nyingine. Siku hizo kwetu samaki hakuwa chakula. Alikuwa ndugu wa nyoka. Mama yangu alinifanya nivue shati nje na kulitundika kwenye ua kabla sijaingia. Wambui alipokubali kuolewa nami alisema maneno machache tu mbele ya wazee, kwamba kazi yangu ameisikia na hana neno, ila samaki asivuke mlango wake wala asiguse chombo chake. Wazee walicheka. Yeye hakucheka. Okello naye alinitania kila mchana akila trauti wa kuchoma, "Nyinyi Wakikuyu mnabeba chakula siku nzima kisha mnaenda kula mahindi." Mimi nilikula mahindi yangu.

Halafu ikaja Hali ya Hatari. Sitaki kuieleza yote, wengine wameieleza. Nitasema iliyonigusa. Sisi Wakikuyu tulipewa pasibuku, na bila sahihi ya bwana wako ndani yake wewe si mtu. Laini tulizolala, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa lililo chini ya klabu, zilizungushiwa seng'enge. Pasi yangu iliniruhusu njia moja, barabara ya kutoka laini hadi klabu. Ukingo wa mto kati ya hapo na pale haukuwa wangu. Kuonekana huko kungenifikisha kizuizini.

Mkubwa wa walinzi wa laini alikuwa Koplo. Mtu wa kwetu kabisa, lakini kofia ilikuwa imemwingia kichwani. Alipokagua pasi yangu aliishika kwa ncha za vidole na kusema inanuka. Wanawake walikwenda kuchota maji kwa saa aliyotaka yeye, kwenye bwawa dogo la kiwanda cha kahawa, pale mto ulipozuiwa kwa ukuta, yeye mbele na bunduki, wao nyuma na madebe.

Kati ya mabwana wote wa klabu, niliyemhudumia zaidi ni Bwana Meja. Mzee, mguu mmoja mbovu, maneno machache. Mwanzi wake ulikuwa wa ndugu yake aliyekufa vitani. Aliniambia hivyo siku moja akiupangusa, bila kunitazama, na hakurudia. Wazungu wengine walitupa vifaa vyao nyuma ya gari. Yeye aliulaza mwanzi ule kwenye kiti, na mimi nikakaa nyuma.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali, baada ya chakula. Bwana Meja alikuwa amekaa juu ya mwamba kwenye kina kilicho mpakani mwa klabu. Akanituma kibandani nikamletee chai. Nilimwacha na mwanzi mkononi mwake. Niliporudi na birika, yeye alikuwa anazungukazunguka juu ya mwamba, na mkononi hana kitu.

"Wapi mwanzi yangu?"

Nikamwambia nilimwacha nao.

"Mimi naweka hapa." Akaonyesha jiwe. "Sasa hapana iko. Wewe narudi hapa?"

Nikasema sikurudi, nilikuwa kwenye moto. Tukatafuta. Nikaingia majini na nguo, nikapapasa chini ya mwamba mpaka mikono ikafa ganzi. Okello akaja akapiga mbizi, na yeye ni mtu aliyezaliwa majini. Hakuna. Bwana Meja hakunitukana. Alikaa chini akaangalia mahali mwanzi ulipokuwa, kama mtu anayeangalia kaburi, na hilo lilinitisha kuliko matusi.

Bwana Katibu wa klabu yeye hakukaa chini. Alikuwa mtu wa karatasi na saa. Akasema mwanzi hauna miguu. Akasema Jumamosi atakuja kutia sahihi pasibuku za wafanyakazi, na yangu ataitia mwanzi ukiwa mezani. "Hapana mwanzi, hapana sahihi." Basi.

Mjue maana yake. Bila sahihi sina kazi, bila kazi sina laini, bila laini natiwa kwenye lori. Na Wambui alikuwa mjamzito wa mtoto wetu wa kwanza. Koplo aliposikia alikuja nyumbani akapindua kitanda, akamwaga unga, akachoma kuta na sime akitafuta. Hakupata kitu, na kwa hiyo akazidi kuamini.

"Mwanzi wa chuma na kigurudumu," akaniambia. "Nani hajui watu wa msituni wanatengeneza bunduki na takataka kama hizo? Umewauzia, mla samaki."

"Sili samaki, Koplo."

"Utakula huko utakakoenda."

Siku zile nilifanya kazi kama maiti inayotembea. Tulitafuta maji yote ya klabu, Okello na mimi, hadi kwenye waya wa mpaka. Chini ya waya hatukuweza kwenda, hata Okello, maana walinzi walipiga bila kuuliza kabila. Okello alisema labda samaki aliuvuta mwanzi, amewahi kuona hivyo ziwani na ndoano za kamba. Nikamuuliza kama samaki anaweza kuvuta mwanzi wa Meja kutoka juu ya mwamba. Akasema trauti mkubwa anaweza, kama mwenyewe amelala. Tukatazamana. Nani angemwambia Bwana Katibu kwamba Meja alilala?

Ijumaa nilirudi laini nikakuta Wambui amekaa nje ya mlango, miguu imejaa matope meusi hadi magotini, debe lake likiwa na maji nusu, machafu. Nikamuuliza ametumbukia wapi. Akaniambia wanachota kwenye kinamasi cha juu siku hizi, na kwamba akiendelea hivi atazaa mtoto mwenye rangi ya matope. Nikauliza bwawa la kiwanda lina nini.

"Koplo amelikataza," akasema. "Na sisi wenyewe hatulitaki. Kuna fimbo inatembea humo."

"Fimbo gani?"

"Fimbo, baba. Nyembamba. Imesimama majini kichwa juu. Inakwenda mpaka kwenye ukuta, inainama, inatulia, halafu inarudi kule kwenye matete. Hakuna mtu anayeishika. Mama Njeri aliiona wa kwanza, akaacha debe hapohapo akakimbia. Koplo alikuja na bunduki yake akaitazama. Ikainama upande wake. Hatukujua kama Koplo anajua kukimbia namna ile."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe una msiba wako wa mwanzi. Nikuongezee na shetani?"

Nilikaa chini kwenye vumbi kando yake. Nadhani nilicheka, kwa sababu aliniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa. Nikamuuliza fimbo hiyo ina rangi gani. Akasema ya asali. Vanishi ya Bwana Meja ilikuwa rangi ya asali.

Mambo yalikuwa wazi. Samaki aliuvuta mwanzi, akateremka nao chini ya waya hadi bwawani, na ukuta ukamzuia. Rili ni nzito, imezama. Ncha ni nyepesi, imesimama. Na ndoano bado imo mdomoni mwake. Watu wote wa laini walimwona mwizi wangu kila asubuhi, na hakuna aliyemtambua, maana samaki ni kitu ambacho watu wetu hawakuwa na haja ya kukijua.

Asubuhi ya Jumamosi nikajipanga kwenye mstari wa wanawake wa kuchota maji. Mwanamume peke yangu. Wakanitania kwamba Wambui amenituma kwa sababu ya tumbo. Koplo alipofika akaniambia nitoke, pasi yangu haisemi kinamasi.

"Naomba unipeleke bwawani wewe mwenyewe, Koplo," nikamwambia, kwa sauti ya kusikika. "Mimi mbele, wewe nyuma na bunduki. Nikikimbia, piga. Nataka kuishika ile fimbo."

Wanawake waligeuka kumtazama Koplo. Sasa alikuwa na njia mbili, kunikataza na watu wajue anaogopa, au kunipeleka. Akanipeleka. Walitufuata wote.

Maji yalikuwa tulivu. Tulingoja, na kwa muda nikaona matete tu, nikafikiri samaki amekufa au amejinasua, na Bwana Katibu tayari yuko njiani. Kisha pale kivulini ncha ikainuka. Ilikuja kuelekea ukutani polepole, ikiinama na kuinuka, rangi ya asali. Nyuma yangu nikasikia madebe yakiwekwa chini.

Niliingia hadi kifuani. Nikapitisha mkono chini ya maji nikalipata gamba la kishikio, laini kama kizibo cha chupa, na rili chini yake. Nikauinua. Mzima. Na papo hapo samaki akashtuka akakimbia, na rili ikalia krrr katika bwawa lile mbele ya watu ambao hawajawahi kuisikia. Mama Njeri alikuwa tayari yuko kwenye mlima.

Hapo nikakumbuka sheria. Inzi majini, na mwanzi mikononi mwangu. Miaka yote nilikuwa nimewatazama wakifanya, na sikuwahi kufanya. Nikivuta kwa nguvu ncha itavunjika, na nitampelekea Meja kuni. Nikiukata uzi, nani ataamini habari ya samaki? Nikamtaka naye pia, kama shahidi. Basi nikafanya kama nilivyoona. Akikimbia, namwachia na rili inalia. Akichoka, nakusanya. Akaruka mara moja hewani, na Koplo akainua bunduki.

"Usipige," nikasema. "Ni shahidi wangu."

Alikuja karibu na ukingo amelala ubavu, mrefu kama mkono wangu. Lakini neti ya kumwopolea nilikuwa sina. Nikimwinua kwa mwanzi, ncha inakatika. Nikaangalia ukingoni, nikaona uso mmoja tu uliokuwa karibu.

"Wambui. Lete debe."

Alijua ninachoomba. Alinitazama, akamtazama yule mnyama, akatazama debe lake, ambalo mama yake alimpa siku ya harusi na ambalo alilisugua kwa majivu mpaka likang'aa. Akaingia majini na tumbo lake, akaliinamisha, akageuza uso pembeni, akamchota. Kisha akaliweka chini na kwenda kusimama mbali, mikono ameinyoosha mbele kama imeungua.

Tulikwenda klabu hivyo hivyo, mimi na mwanzi, Koplo nyuma na debe, kwa sababu nilimwambia ushahidi hubebwa na askari. Njia nzima maji yalimrukia na alilaani.

Bwana Katibu alikuwa mezani. Bwana Meja alikuwa dirishani. Niliuweka mwanzi mezani, na Meja akasogea. Alishika kiungo cha kwanza, akakichungulia, cha pili, akachungulia, akapitisha kidole hadi kwenye ncha. Kisha akaangalia ndani ya debe. Inzi alikuwa bado kwenye mdomo, wa kahawia, aliyemfunga mwenyewe. Bwana Katibu akaanza kuniuliza niliutoa wapi na kwa ruhusa ya nani.

"Nyamaza," Meja akamwambia, kwa Kiswahili, ili sisi tusikie. "Mimi nalala. Samaki nachukua. Hii mtu hapana kosa."

Akakaa kitini. Macho yake yalikuwa mekundu, na akajifanya anatafuta kiko. Bwana Katibu alitia sahihi. Nilisikia kalamu ikikwaruza. Nilisubiri nikafika barabarani, ndipo nikakaa kwenye majani. Okello akanikuta hapo. Hakuninusa mikono siku hiyo. Alikaa pia.

Koplo hakuniomba radhi, na sikungoja. Lakini tangu siku hiyo nilipita mlangoni bila kuonyesha pasi, na hakusema tena habari ya kunuka, maana yeye ndiye aliyenuka hadi Jumatatu.

Tangu hapo nilianzisha desturi kwenye mto ule. Kila mwanzi ulifungwa uzi wa katani kwenye kishikio, na ncha ya pili kwenye mkanda wa mwenyewe. Mabwana wengine walinung'unika kwamba si watoto. Meja alikuwa wa kwanza kufungwa. Wazungu walipoondoka, serikali mpya ilitaka watu wanaoujua mto, nikawa askari wa samaki, Thika kisha Ruiru tena, na wakubwa wangu wakawa Bwana Ofisa mmoja baada ya mwingine, vijana waliosoma vizuri na wenye adabu. Niliwafundisha kuosha mikono kwa mchanga, nao wakanifundisha kujaza fomu. Tulielewana.

Mkitaka nasaha ya mzee, ni hii. Kitu cha mtu kikipotea mikononi mwako, usikimbie hata kama ni kosa lake. Simama hapo hapo utafute. Mimi ningekimbia siku ile ningekuwa mwizi mpaka leo.

Debe lile Wambui hakulichotea maji tena. Meja alimnunulia jipya, akalipokea, lakini la zamani hakulitupa. Alilitoboa chini akapanda vitunguu, na tulipohama kutoka laini alilibeba kichwani mpaka hapa Gatongora. Wajukuu wakileta tilapia ya kukaanga kutoka mjini, yeye anatoka kukaa nje karibu na debe lake mpaka wamalize.

Siku niliyostaafu, Bwana Ofisa alisema maneno mazuri, nikarudisha kofia na buti, nikaja nyumbani. Kabla ya kuingia nilivua shati nikalitundika uani kama siku zote. Nikainama kuchota mchanga nisugue mikono. Wambui alinitazama kutoka mlangoni, akaingia ndani, akarudi na kipande cha sabuni ya kuogea, ile ya harufu, mpya kabisa.

"Basi sasa," akasema. "Hakuna samaki anayekungoja."

Alinimiminia maji, nikaosha na sabuni.